Daktari wa Makaratasi

Nyumbani walimwita Kifutio. Jina alilipata darasa la pili, kwa sababu hakuweza kuvumilia neno lililokatwa. Akikosea herufi moja alifuta, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka, kisha akachana ukurasa mzima na kuanza upya. Mama yake, fundi cherehani, alilazimika kumpa madaftari mawili pale wadogo zake walipotosheka na moja. Baba yake mdogo, fundi redio asiyeweza kupita jambo bila kulitia utani, alisema mtoto huyu akikua atafuta mpaka jina lake mwenyewe.

Hakulifuta. Liliandikwa kwenye cheti cha udaktari kilichotundikwa sebuleni, ndani ya fremu iliyowahi kuwa ya picha ya harusi, na kwa miezi kadhaa wageni walionyeshwa cheti kabla ya kuonyeshwa kiti. Mama alikwisha kupanga mambo. Binti angemaliza mafunzo ya vitendo, angekuwa bingwa wa upasuaji, na siku moja ukoo mzima ungetibiwa kwa kupiga simu tu.

Mafunzo ya vitendo ndiyo yaliyouharibu mpango huo. Alipangiwa wodi ya watoto, yenye vitanda thelathini na wagonjwa hamsini na kitu, dirisha moja lisilofunga na saa ya ukutani iliyokwenda mbele kwa dakika kumi, ambazo kila mtu alizitoa kichwani. Mwezi wa nne aliletewa mtoto wa kuharisha. Akamtibu, akapona, akaruhusiwa. Baada ya siku kumi na mbili akaja mdogo wake, naye akapona. Wiki tatu baadaye akaja wa mwisho, wa miezi saba, akafa kabla mshipa wa kutundikia maji haujapatikana. Mama yao alikuwa yuleyule, na gauni lake la kijani lilikuwa lilelile. Daktari kijana alimwendea bingwa wa zamu akaomba mtu atumwe kutazama maji ya nyumba ile. Bingwa, aliyekuwa akinawa mikono, alimjibu bila ukali kwamba hiyo si kazi ya wodi. Akauliza ni kazi ya nani basi. Bingwa akasema ya watu wa afya ya jamii, kama wapo.

Aliomba awe mmoja wao.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kama msiba mdogo. Mama alishona siku mbili bila kuinua kichwa. Baba mdogo ndiye aliyetaka kuelewa, akavuta kigoda akaanza kuhoji. Atakuwa na wodi? Hapana. Kile kifaa cha kusikilizia moyo? Atakuwa nacho, ila hatakitumia sana. Sasa atatumia nini? Akamwambia ripoti, fomu, ramani, hesabu za wagonjwa.

"Basi nimekuelewa," akasema baba mdogo. "Wewe ni daktari wa makaratasi. Mtu akiumwa, unampiga muhuri."

Mama alicheka pamoja na wengine, ingawa alijitahidi asicheke. Jina la pili likakaa juu ya la kwanza.

Alipelekwa ofisi ya afya ya wilaya, kitengo cha chanjo. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mizani mibovu. Mizani kumi na moja ya kupimia watoto ilining'inia ukutani nyuma ya kiti chake, na dirisha lilitazama tanuri la kuchomea taka za hospitali, kwa hiyo Jumanne na Ijumaa hakulifungua. Vituo vilikuwa kumi na saba, gari moja, dereva mmoja. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi mbili na nane za joto. Kila kituo kina friji, ndani ya friji kuna kipimajoto, na mlangoni hubandikwa karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, viwili kwa kila siku. Muuguzi husoma kipimajoto asubuhi na jioni, akaandika namba. Karatasi zikijaa huja ofisini. Anayeijua karatasi anaijua friji bila kuiona. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyoamini.

Karatasi alizozikuta kabatini zilimkera. Tatu, sita, tano, tisa yenye mduara mwekundu, kisha pengo la siku nne. Pembeni palikuwa na maelezo: umeme ulikatika, mlango haukufungwa vizuri, nilikuwa mazishini. Kulikuwa na alama za vikombe vya chai, na namba zilizokatwa zikaandikiwa namba nyingine juu yake. Aliwapigia simu wauguzi mmoja mmoja, kwa adabu, kuwauliza kwa nini.

Mwezi wa tatu alikwenda kukagua kituo cha mbali kuliko vyote. Msimamizi wake alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye watu wa eneo lile walimwita Sista Saa Mbili. Kwa miaka ishirini na sita mlango wa kliniki yake ulifunguliwa saa mbili kamili kila asubuhi ya kazi, na wenye maduka ya jirani walirekebishia saa zao hapo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Madaftari yalikuwa na majalada ya gazeti. Na mlangoni pa friji ilibandikwa karatasi ambayo daktari aliitazama kwa muda mrefu. Siku tisini na mbili, asubuhi na jioni, hakuna pengo, hakuna mkato, mwandiko uleule ulioinama kidogo kuelekea kulia, namba ileile. Nne. Nne. Nne.

Mwongozo unamtaka mkaguzi aweke kipimajoto chake mwenyewe ndani ya friji, afunge mlango, asubiri nusu saa, kisha alinganishe. Kipimajoto alikuwa nacho mkobani. Lakini wingu lilikuwa limetanda, na dereva alikwisha kuchungulia mara mbili kusema kwamba mvua ikiwakuta kabla ya daraja la chini, watalala ndani ya gari. Daktari alifungua mlango wa friji, akasoma kipimajoto cha Sista. Mshale ulisimama kwenye nne. Akaweka alama ya vema mbele ya mstari uliosema joto limehakikiwa kwa kipimajoto cha mkaguzi, akatia sahihi. Ilimchukua dakika mbili. Mvua, hata hivyo, haikunyesha.

Aliporudi alifanya jambo jingine, na hilo alilifanya kwa moyo mweupe kabisa. Aliitoa nakala ile karatasi. Moja aliibandika ukutani ofisini, kati ya mizani, na kumi na sita alizipeleka kwenye vituo vingine zikiwa na sentensi moja juu kwa wino mwekundu: Karatasi iwe hivi. Kwenye mkutano wa mwaka Sista Saa Mbili aliitwa mbele akapewa cheti, na wauguzi wenzake wakamtania kwamba hata friji inamwogopa. Alirudi kukaa akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama msichana.

Baada ya hapo karatasi za wilaya nzima zilinyooka. Simu za kuuliza kwa nini zikakoma, kwa kuwa hapakuwa na la kuuliza. Mkuu wa ofisi, daktari mwenye mvi aliyebakiza miaka miwili kustaafu na aliyemwita "binti yangu" mbele za watu na "Daktari" wakiwa wawili, alizionyesha karatasi hizo kwa wageni kutoka juu. Na ilipopatikana nafasi moja ya kwenda kusoma shahada ya pili, moja kwa mkoa mzima, Mkuu aliandika barua ya kumpendekeza. Barua hiyo ilikuwa bado mezani kwake, haijatiwa sahihi, siku taarifa ya kwanza ilipoingia.

Ilikuwa miaka miwili tangu ukaguzi ule. Mtoto wa miaka miwili na mwezi mmoja alikuwa amekufa hospitalini kwa dondakoo. Huu ni ugonjwa ambao madaktari wengi wa umri wake wameusoma tu vitabuni. Utando wa kijivu hujitanda kooni, shingo huvimba mpaka kidevu kinapotea, na mtoto hukabwa taratibu akiwa macho. Dawa ya kuzima sumu yake haikuwapo hospitalini wala mkoani. Katika siku tisa walifika watoto kumi na mmoja. Wanne walikufa. Wote kumi na mmoja walitoka eneo la kituo cha Sista Saa Mbili.

Daktari alibeba orodha akaenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyejipatia riziki kwa kupiga pasi nguo za watu. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja godoro, upande wa pili meza ya pasi na mashati ya watu wengine yaliyotundikwa kwa mpangilio wa rangi. Mtoto wa miezi mitano alikuwa amelala kwenye beseni la nguo. Aliyekufa alikuwa kaka yake. Mpiga pasi hakulia mbele ya mgeni. Alifungua kopo, akatoa kadi ya chanjo iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani akaipapasa ikae sawa.

Dozi zote zilikuwapo. Wiki ya sita, wiki ya kumi, wiki ya kumi na nne, kila moja kwa mwandiko ulioinama kuelekea kulia.

"Wewe ndiye daktari," akasema. "Nionyeshe nilipokosa."

Daktari alisema atafuatilia. Alipotoka nje alijiona amesema jambo la kipuuzi. Kufikia jioni alikuwa amezisoma kadi za watoto kumi na mmoja. Tisa zilikuwa zimekamilika.

Mkuu alimsikiliza akiwa amefumba macho. Hakuwa mtu mbaya, na ni haki kulisema hilo, kwani ndiye aliyemfundisha kusoma ramani ya mlipuko na ndiye aliyekuwa akimkumbusha kula. Lakini mkoa ulitaka ripoti ifikapo Ijumaa. Chanjo ya akiba iliyokuwapo ingetolewa kwa watu ambao ripoti ingewataja. Mkuu alikwisha kuandika rasimu kichwani. Wazazi hawapeleki watoto. Ndivyo ilivyokuwa wilaya ya jirani, na hakuna aliyeuliza zaidi.

"Tisa wana kadi, Mkuu."

"Kadi zinaazimwa. Mtu anakwenda kuandikisha mtoto shule, anaazima kadi ya jirani."

"Wa miaka miwili anaandikishwa shule gani?"

Mkuu alifumbua macho. Akamwambia kwa sauti ya chini afikirie vizuri anachotaka kuandika. Ripoti ikisema wazazi, watachanjwa wasio na kadi, kazi imekwisha. Ripoti ikisema chanjo, basi itaulizwa nani aliitunza, na nani alimkagua aliyeitunza. Hakuitaja barua iliyokuwa chini ya kiwiko chake. Wote wawili waliiona.

Hesabu ilikuwa wazi, na daktari aliifanya akiwa amesimama palepale. Watoto wenye kadi zilizokamilika katika eneo lile walikuwa mia mbili na arobaini. Ripoti ya Mkuu ingewaacha wote.

Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni pa kituo saa mbili kasoro dakika tano. Mkobani alikuwa na kipimajoto chake na kichupa kimoja cha chanjo alichokigandisha makusudi kwenye friza ya ofisi, akakiacha kiyeyuke. Sista alifungua saa mbili kamili. Alikuwa amekonda. Miongoni mwa wanne waliokufa, alisema, watatu aliwazalisha kwa mikono yake.

Daktari aliweka kipimajoto ndani ya friji, akafunga mlango, akatazama saa. Safari hii alisubiri nusu saa nzima. Walikaa kwenye benchi la akina mama. Alipofungua, chake kilisoma mbili chini ya sifuri. Cha Sista kilisoma nne.

Sista alikitoa chake, akakigonga kwa ukucha. Nne. Akakifumbata kiganjani. Nne. Akakiweka dirishani palipopiga jua, akasimama akikitazama jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyemwibia. Baada ya dakika kumi, kikiwa cha moto kukishika, kilisoma nne.

Sasa daktari aliuliza maswali ambayo angepaswa kuyauliza miaka miwili nyuma, na Sista aliyajibu yote bila kuficha. Ndiyo, friji iliwahi kuharibika. Fundi alikuja, akaizungusha swichi ya baridi mpaka mwisho, akasema sasa hii mama haitakuangusha. Umeme wa mchana hapa ni dhaifu, wa usiku ndio wenye nguvu, na alfajiri hukatwa. Ndiyo, asubuhi nyingine alikuta barafu nyembamba kwenye katoni. Aliifuta kwa kitambaa.

"Nilifurahi," Sista akasema. "Miaka yote mnatuambia joto, joto, linda chanjo na joto. Nikasema friji yangu ina nguvu."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na si yeye pekee angelifanya. Chanjo ile huharibiwa na joto taratibu, lakini ikiganda mara moja tu imekufa, na haionyeshi. Kibandiko cha kwenye kichupa kinachobadilika rangi kwa joto hakijui baridi. Muuguzi huikuta imeyeyuka, maji meupe kama siku zote, akamchoma mtoto. Kuna njia moja tu ya kuijua hapo kituoni. Daktari alichukua kichupa kutoka friji ya Sista, kilipokwisha kuyeyuka, na kile alichokigandisha mwenyewe, akavitikisa pamoja katika mkono mmoja, akaviweka mezani. Chanjo nzima hubaki nyeupe kama maziwa kwa muda mrefu. Kichupa kilichogandishwa kilianza kujitenga, machicha yakashuka chini, maji yakabaki juu. Kile cha friji kilishuka nacho, hatua kwa hatua, kama pacha wake. Walijaribu kingine. Walijaribu kumi na viwili.

"Daktari," Sista akasema, "kwani mimi nilidanganya?"

"Hapana, Sista. Uliandika ulichokiona."

"Na wewe ulisoma nilichoandika."

"Ndiyo."

"Ungeniambia basi. Siku ile. Ungeniambia Sista, hakuna friji inayosoma nne siku tisini." Hakupandisha sauti. "Mimi ni muuguzi tu. Wewe ndiye msomi."

Ni kweli kwamba friji iliyo hai hupanda na kushuka. Mlango ukifunguliwa kwa kliniki hupanda, usiku hushuka. Karatasi chafu zile za tatu, sita na tisa yenye mduara mwekundu zilikuwa karatasi za friji zilizo hai. Daktari alijua fizikia hiyo tangu kidato cha pili. Alipoiona namba moja ikijirudia mara mia moja themanini na nne, alichokiona ni usafi.

Baya zaidi lilikuwa ofisini. Aliporudi alishusha mafaili ya vituo vyote akayapanga sakafuni, chini ya mizani, kwa mwaka na mwezi. Hadi siku aliyotuma nakala zake, namba zilikuwa zikicheza. Kuanzia mwezi uliofuata, kituo kimoja kilianza kuandika nne. Kisha vitatu. Mwishoni mwa mwaka vilikuwa kumi na vinne kati ya kumi na saba, nne asubuhi na nne jioni, pamoja na wiki ile ambayo umeme ulikatika wilaya nzima kwa siku tano na yeye mwenyewe akalala bila taa. Alimpigia simu muuguzi mmoja ambaye zamani alikuwa bingwa wa maelezo ya pembeni. Muuguzi alicheka, akidhani anataniwa.

"Daktari, si ndivyo ulivyotaka? Karatasi si iwe hivi?"

Daktari alikata simu. Kwa miaka miwili hakuwa na habari yoyote ya friji kumi na nne, na ni yeye aliyewafundisha kumnyima. Akachukua karatasi tupu.

Ripoti aliyoiandika ilikuwa na kurasa tatu. Ilisema chanjo iligandishwa katika kituo kimoja kwa muda usiopungua miaka miwili. Kwamba kumbukumbu za vituo vingine kumi na vitatu haziaminiki, na friji zake zipimwe upya kabla mtoto mwingine hajachomwa. Kwamba kadi iliyokamilika katika eneo lile isihesabiwe kuwa kinga, na watoto wote mia mbili na arobaini warudiwe. Chini ya kichwa cha chanzo, jina la kwanza aliloliandika lilikuwa lake. Alieleza alama ya vema aliyoiweka bila kupima. Alieleza nakala na wino mwekundu. Alikosea neno moja katika ukurasa wa pili, akalikata kwa mstari, akaandika lililo sahihi juu yake, akaendelea.

Mkuu aliisoma Ijumaa asubuhi, mara mbili. Akamwambia angeweza kuiacha sentensi ya vema, hakuna ambaye angeijua. Daktari akasema bila sentensi hiyo kosa lote litamwangukia Sista. Mkuu alitia sahihi kwenye ripoti. Barua ya masomo aliikunja akaiweka kwenye droo, polepole, kama mtu anayefunika chakula cha asiyekuja.

Mkoa ulikubali watoto warudiwe. Ilichukua siku kumi na tisa chanjo kufika. Katika siku hizo waliugua watoto wengine wanane, watano kati yao wenye kadi zilizokamilika, na wawili walikufa. Katika friji kumi na tatu zilizopimwa, mbili nyingine zilikuwa zikigandisha. Barua mbili ziliandikwa. Ya daktari ilisema onyo kali, na kwamba uteuzi wake katika kitengo utatazamwa upya. Ya Sista Saa Mbili ilimsimamisha kazi, akiwa amebakiza miezi kumi na moja kustaafu. Ripoti ilikuwa imeeleza wazi kwamba hakudanganya. Sentensi hiyo aliyeandika barua ama hakuisoma, ama aliisoma. Kwa siku kadhaa wenye maduka walimkuta Sista amesimama nje ya uzio wa kituo saa mbili asubuhi, amevaa sare, kisha akaacha kuja.

Baba mdogo alipata habari kwa mama. Alikuja jioni na redio ya mtu kwapani, akakaa kigodani, na kwa mara ya kwanza tangu binti huyo wa kaka yake azaliwe hakuwa na utani. Alimuuliza tu kama ameshakula.

Siku ya kurudia chanjo, daktari alifika kituoni na muuguzi kijana wa kuazimwa. Friji ilikuwa mpya, imewekwa jana asubuhi. Kufikia saa tano walikuwa wamekuja watoto thelathini na wanane. Wengine, walisema waliokuja, mama zao wamekataa. Walichanjwa mara ya kwanza wakaambiwa ni salama. Sasa wanaambiwa haikuwa chanjo. Nani ajue watakachoambiwa mwakani?

Mpiga pasi alifika saa tano na nusu, mtoto wa miezi mitano mgongoni. Hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akasimama mbele yake.

"Fungua," akasema.

Daktari alifungua. Akatoa kipimajoto chake mkobani, akakiweka ndani, akafunga mlango, akamwambia ni nusu saa. Mpiga pasi akasema ana muda. Muuguzi kijana alitazama foleni, akamtazama daktari, akaweka sindano chini. Hakuna aliyechomwa kwa nusu saa hiyo. Mtoto alilia, akanyonyeshwa, akalala.

Mlango ulipofunguliwa, mpiga pasi aliinama kusoma pamoja naye.

"Inasema ngapi?"

"Sita."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri. Baadaye kidogo itakuwa tano, au saba."

"Na ile siku ulipokuja kuikagua friji ya zamani? Ulipoweka hiki, kilisema ngapi?"

Benchi zima lilikuwa likisikiliza.

"Siku ile sikukiweka," daktari akasema. "Kilikuwa mkobani."

Mpiga pasi alimtazama jinsi alivyoitazama ile kadi mezani, kama kitu alichokitunza kikamgeuka. Akamfungua mtoto mgongoni. Daktari alinyoosha mikono kumpokea, kama alivyokuwa akifanya asubuhi nzima.

"Achomwe," mpiga pasi akasema. "Ila wewe usimguse."

Daktari alirudi nyuma hatua mbili. Muuguzi kijana akamshika mtoto, akapangusa paja, akachoma. Mtoto alipiga kelele moja ndefu, kisha akanyamazishwa. Mama yake alitoa kadi kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka pembeni mwa meza bila kumtazama yeyote.

Ya kuandika ilikuwa kazi ya daktari. Alijaza tarehe, namba ya kichupa, na sahihi. Kisha akaenda mlangoni pa friji, ambako karatasi mpya ilikuwa na namba tatu tu tangu iwekwe, na ya pili kati ya hizo ilikuwa imekatwa. Akaandika sita, na saa aliyoisoma.

Mpiga pasi alikuwa amekwisha kutoka. Kwenye orodha walibaki watoto mia mbili na mmoja.